Unataka kujifunza kuprogramu? Chagua njia kabla hujafungua video nyingine

Mimi nilianza vibaya, ngoja niseme ukweli tu. Nilikaa karibu miezi miwili nikijiona najifunza, naangalia video moja baada ya nyingine, jamaa anaandika mimi naangalia, anaelezea mimi natikisa kichwa, yaani kila kitu kinaingia vizuri kabisa, alafu siku moja nikasema hebu nifungue faili tupu niandike kaprogramu kadogo tu ka kujumlisha namba mbili. Weee. Kale kamstari kanawaka na kuzima kwenye ukurasa mweupe na mimi sijui hata naanza na herufi gani. Miezi miwili yote ile!

Ndo maana siku hizi mtu akiniuliza nianze na lugha gani au kozi ipi nzuri, simjibu hapo hapo. Namuuliza kwanza, hiyo njia unayoifikiria itakufanya uandike mwenyewe mara ngapi kwa siku? Kuangalia na kuandika ni kazi mbili tofauti ila kichwa kinakudanganya kwamba ni moja, na njia nyingi za kujifunza zinazopendwa na watu zinapendwa kwa sababu hazikuumizi, unaangalia tu unajisikia una akili.

(Nikisema kodi humu ndani namaanisha yale maandishi unayoiandikia kompyuta, vitabu vinaita msimbo. Sio kodi ya mwenye nyumba. Tuelewane mapema.)

Anza na kitu, lugha itafuata yenyewe

Watu wengi wanaanza kwa kugombana lugha ipi bora, na unakuta mtu wiki tatu anasoma mabishano ya Python na JavaScript na hajaandika mstari hata mmoja. Anza na kitu unachotaka kukitengeneza. Kimoja, kidogo, ambacho ukimaliza unaweza kumwonesha mtu ukasema hiki nimekifanya mimi. Inaweza kuwa websaiti ya biashara ya dada yako, kaprogramu ka kufuatilia hela zinaishia wapi, geimu, au lile faili la Excel la kazini lenye mistari elfu tatu ambalo kila mwisho wa mwezi unalisafisha kwa mkono mpaka macho yanauma. Hilo la Excel usilidharau, watu wengi wameingia kwenye kuprogramu kwa uvivu wa namna hiyo na ni uvivu mzuri.

Ukishajua kitu, lugha inajichagua karibu yenyewe.

Kama ni websaiti, utaanza na HTML na CSS, hizo mbili haswa haswa sio lugha za kuprogramu, moja inapanga ukurasa nyingine inaupamba, alafu inakuja JavaScript ambayo ndo inafanya ukurasa uitike mtu akibonyeza kitu. Uzuri wake huhitaji kuinstoli chochote, brauza unayo tayari na Notepad ipo, unaandika, unasevu, unafungua, unaona. Kwa mtu anayekata tamaa haraka hiyo ya kuona matokeo papo hapo inasaidia sana.

Kama ni data, mahesabu, mafaili, au kazi zozote za kujirudia rudia, chukua Python. Guido van Rossum aliitoa 1991 na toka mwanzo alitaka lugha inayosomeka, kwa hiyo hata mtu ambae hajui kitu akiangalia kodi fupi ya Python anaweza kubahatisha inafanya nini. Na wanaofanya mambo ya akili mnemba nao wengi wao wako huko huko.

Apu za simu ni Kotlin kwa upande wa Android (Google walitangaza 2019 kwamba ndo chaguo lao la kwanza) na Swift kwa iPhone, ila mimi sishauri mtu aanzie hapo, mana Android Studio, programu ya kutengenezea apu za Android, yenyewe inataka laptopu yenye RAM ya GB 8 angalau na hata hiyo inahema, na za iPhone kiukweli unahitaji Mac. Utapambana na mashine kabla hujapambana na kuprogramu. Geimu, anza na Scratch, ile iliyotengenezwa chuo cha MIT Marekani, hata kama ni mtu mzima usione aibu, unapanga vipande kama vya kuchezea na unaelewa mantiki bila kuhangaika na nukta na mabano. Wanaotaka kuchezea vifaa, taa, mota, sensa, watakutana na Arduino (kibao kidogo cha kielektroniki unachokiprogramu), na lugha yake ni ya ukoo wa C, ile aliyoitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Na kama hujui kabisa unataka nini? Python. Usiumize kichwa.

Alafu kitu kimoja, Java na JavaScript sio ndugu. Zote zilitoka 1995 na jina ni mambo ya kibiashara tu ya wakati ule, Brendan Eich aliandika JavaScript ya kwanza kwa siku kama 10 hivi akiwa Netscape, kampuni ya brauza ya enzi hizo. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe wiki ya kwanza nilidaunlodi Java nikidhani ndo kifupi chake, nikapoteza wikiendi nzima.

Hofu ya kuchagua lugha mbaya itoe kabisa. Kurudia kitu mara nyingi, kuamua kama hivi fanya vile, kuweka thamani kwenye jina, kugawa kazi vipande vipande, hivyo vyote vipo kwenye karibu kila lugha utakayokutana nayo, kinachobadilika ni namna ya kuandika. Inayochosha ni ile ya kwanza, ya pili unakuwa unauliza tu "huku wanaandikaje."

Sasa njia

Video ndo wengi tunaanzia na sisemi usiangalie. Ila iangalie hivi. Jamaa akishaelezea anachotaka kufanya, simamisha kabla hajaandika, jaribu wewe kwanza, hata ukikosea, hasa ukikosea. Alafu cheza uone yeye kafanyaje. Video ikiisha ifunge, fungua faili tupu, andika kile kitu upya bila kuchungulia, na ukimaliza kibadilishe kidogo, kama yeye alijumlisha namba mbili wewe jumlisha tatu, kama yeye alisalimia mtu mmoja wewe salimia orodha ya watu watano. Hapo kwenye kubadilisha ndo kuna kujifunza kwenyewe. Kanuni yangu ni dakika 10 za kuangalia, dakika 30 za kuandika, na ukiona umeangalia masaa mawili mfululizo hujagusa kibodi basi hiyo ni tamthilia unaangalia, endelea tu kustarehe lakini usiihesabu kama masomo.

Angalia pia tarehe. Video za zamani zina mtego, kwa mfano Python 2 ilishafungwa rasmi tarehe 1 Januari 2020 lakini masomo yake bado yamejaa huko. Utaitambua haraka, ukiona mwalimu anaandika print "habari" bila mabano, kimbia. Kwenye Python ya sasa lazima iwe print("habari"), na ukifuata ile ya zamani kompyuta inakugomea wakati wewe unajiona mjinga na kosa sio lako.

Kozi za onlaini zenye mazoezi ni hatua moja mbele, mana hapo huendi somo linalofuata mpaka uandike kitu kikubali. Na nzuri zipo za bure kabisa. Hizi tatu ndo nimezipitia kiasi cha kusema neno, na zina tabia tofauti.

freeCodeCamp, shirika lisilo la faida lililoanza 2014, unaandikia humo humo kwenye brauza, hatua ndogo ndogo sana. Inafaa kwa mtu mwenye nusu saa nusu saa, mwenye watoto, mwenye kazi. Ubaya wake ni huo huo uzuri wake, hatua ni ndogo mpaka unaweza kupita 50 kwa siku bila kufikiri, unajaza tu pengo. Dawa yake ni ile ile, kila ukimaliza sehemu fungua faili lako mwenyewe pembeni urudie.

CS50 ya Harvard ni mnyama mwingine. Anafundisha David Malan, masomo yenyewe ni bure kwa yeyote, kile cheti cha edX, websaiti ya kozi za onlaini, ndo cha kulipia ukikitaka. Inaanza na Scratch, inahamia C, baadae ndo Python, SQL (lugha ya kuulizia data iliyohifadhiwa) na mambo ya websaiti. Mazoezi yake ni magumu, sitakuficha, kuna zoezi moja lilinikalisha siku nne na nilikuwa nishaanza kuwachukia watu wa Harvard wote. Lakini ukitoka hapo unajua kompyuta inafanya nini chini kwa chini. Kama una muda wa masaa kumi au zaidi kwa wiki na hupendi kudanganywa kwamba ni rahisi, nenda huko.

The Odin Project ni ya wanaotaka websaiti, nayo bure, ila ni ya kusoma zaidi kuliko kuangalia na inakulazimisha toka mwanzo uandae mashine yako kama developa wa kweli. Wengi wanakwama hapo hapo kwenye kuandaa mashine, mana wanakwambia utumie Linux (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kama Windows ilivyo) au Mac. Ukivuka hapo unajenga projekti halisi, hakuna wa kukujazia pengo.

Maandishi matupu, yaani vitabu na maelezo rasmi, watu wanayakimbia na mimi nadhani wanakosea. Python wana mwongozo wao rasmi wa bure pale docs.python.org na unaweza kuudaunlodi wote ukasoma bila intaneti, kwa websaiti kuna MDN ya Mozilla, maelezo ya HTML, CSS na JavaScript. Kama bando linakusumbua hii ndo njia ya kukuokoa, kurasa mia za maandishi zinakula data kidogo kuliko video moja ndefu. Na ukisoma lazima uandike ili uone kinachotokea, hakuna wa kukuandikia.

Darasa la kulipia, zile kambi za miezi mitatu au sita. Hapa nina donda. Niliwahi kulipa sehemu moja, siitaji, mwalimu anasoma slaidi neno kwa neno, maswali "tutayajibu mwisho," mwisho ukifika muda umeisha. Kwa hiyo kabla hujatoa hela yako uliza haya: je, kodi yangu kuna mtu ataisoma na kunirudishia maoni? Ni wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Naweza kukaa somo moja bure nione? Nikishindwa kuendelea wiki ya pili hela inarudi? Na waambie wakuoneshe projekti za wanafunzi waliopita, sio picha za watu wameshika vyeti, projekti, ambazo unaweza kuzifungua ukabonyeza. Wakianza kuzunguka zunguka unajua. Na yeyote anayekuahidi kazi ya uhakika baada ya wiki 12, mshukuru uondoke. Lakini ukipata lenye mwalimu anayesoma kodi yako, lipia bila kujuta, mana hicho ndo kitu ambacho video za bure haziwezi kukupa.

Chuo kikuu sio kigumu kuamua, kama una nafasi na ada na unaitaka digrii nenda, utapata hesabu na nadharia ambazo mtu wa kujisomea huwa anaziruka. Ila usitegemee chuo kikufundishe kuandika, waliotoka wanajua, wenzao walioandika usiku nje ya ratiba ndo walitoka wameiva.

Na mtu. Mtu mmoja tu aliyekutangulia hata miezi sita, ambae unaweza kumtumia kodi yako ukamwambia hii inanigomea. Ukimpata mheshimu, yaani usimtumie picha ya skrini yenye giza na neno "haifanyi kazi," mwambie ulitaka nini kitokee, kimetokea nini, umeshajaribu nini. Nusu ya mara wakati unaandika huo ujumbe utaliona kosa mwenyewe na utaufuta kabla hujautuma.

Jifunze kusoma kosa, mapema

Hiki ndo kitu ambacho karibu njia zote wanakipita haraka na ndo kinafukuza watu wengi. Mtu anaandika, anaendesha, yanatokea maandishi mekundu ya Kiingereza, anafunga laptopu. Ngoja nikuoneshe moja kwa karibu. Andika hii kwenye Python:

umri = input("Una miaka mingapi? ")
print("Mwakani utakuwa na miaka", umri + 1)

Iendeshe, itakuuliza, andika 20. Badala ya 21 unapigwa na mistari kadhaa na wa mwisho unasema TypeError: can only concatenate str (not "int") to str. Usiogope. Soma kutokea chini, sio juu. Mstari wa chini kabisa ndo unasema tatizo, wa juu yake kidogo unasema liko mstari wa ngapi, hapa ni wa 2. Na tatizo lenyewe ni kwamba input siku zote inakuletea maandishi, hata ukiandika 20 yeye anaiona kama "20," herufi 2 na herufi 0 zimekaa pamoja, na wewe unamwambia aongeze namba 1 kwenye maandishi, anakataa kubahatisha ulimaanisha nini. Tibu hivi:

print("Mwakani utakuwa na miaka", int(umri) + 1)

Hiyo int inageuza maandishi kuwa namba, na 21 inatoka. Sasa jaribu kitu kingine, waulize namba mbili kwa input uzijumlishe bila int, weka 5 na 5. Hakutakuwa na kosa lolote jekundu, itakupa 55. Hilo ni baya zaidi kuliko lile la kwanza mana kompyuta imefurahi na jibu ni uongo. Ukishaelewa kwa nini moja inagoma na nyingine inakubali kimya kimya, umeelewa kitu ambacho mimi ile miezi miwili ya video haikunipa.

Kwa hiyo ukiwa unachagua kozi angalia hili pia, je mwalimu anakosea mbele yako na kutafuta kosa, au kila kitu kwake kinakubali mara ya kwanza? Anayekosea na kukuonesha anavyojitoa ni bora mara mia.

Kuhusu ChatGPT na wenzake

Haiwezekani siku hizi kuongea kujifunza bila kuongelea hizi. Msimamo wangu: zitumie kama mwalimu wa kuuliza, usizitumie kama mtu wa kukufanyia homuweki. Tofauti ni sentensi unayoandika. Ukisema "niandikie programu ya kukisia namba" itakuandikia dakika hiyo hiyo, utaikopi, itafanya kazi, na utakuwa hujui kitu, ni ile video tena kwa sura nyingine. Ukisema "hii ndo kodi yangu, usinipe jibu, niambie tu nimekosea wapi na kwa nini," hapo una mwalimu asiyechoka saa nane usiku, na unaweza kumuuliza kwa Kiswahili akakuelezea kwa Kiswahili. Ila inakosea pia, na inakosea kwa kujiamini sana, inaweza kukutajia kitu ambacho hakipo kwenye lugha kabisa. Kila inachokwambia kiendeshe uone. Miezi ile ya mwanzo mimi ningeshauri hata zile zinazokumalizia mstari kabla hujamaliza kuandika uzizime.

Kiingereza kinanikwamisha, nifanyeje

Swali la haki kabisa. Masomo mengi yako Kiingereza, hilo hatuwezi kulikwepa, lakini Kiingereza cha kwenye kodi yenyewe ni kidogo mno. Python nzima ina maneno yake maalum 35 tu, if, else, while, for, na wenzao, na huyakutani yote mwaka wa kwanza. Majina mengine yote unayapa wewe, na hakuna sheria inayosema lazima yawe ya Kiingereza. Andika umri, bei, jumla, majina. Mimi mpaka leo nikiwa najaribu kitu kipya naandika kwa Kiswahili, akili inabaki kwenye tatizo badala ya kuhangaika na tafsiri. Na maneno ya makosa ni yale yale yanajirudia, fungua daftari, kila kosa jipya liandike na maana yake kwa Kiswahili chako, baada ya mwezi utakuta unayo kama ishirini na ndo hayo hayo utakayokutana nayo mwaka mzima.

Sina laptopu nzuri

Kwa Python na websaiti, laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 4 inatosha kabisa. Instoli Thonny, ni kaprogramu kepesi kalikotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza pale chuo cha Tartu, Estonia, kana Python ndani tayari na kanakuonesha thamani zinavyobadilika hatua kwa hatua. VS Code, programu kubwa zaidi ya kuandikia kodi, utaihamia baadae ukiona unaihitaji. Kama hata hiyo laptopu hamna, simu ya Android inaweza, kuna Pydroid 3, inaendesha Python bila intaneti. Inachosha vidole, hasa mabano na zile nafasi za mwanzo wa mstari ambazo Python haikusamehi ukizikosea, lakini kwa mwezi wa kwanza inafaa na ni bora kuliko kusubiri mpaka upate hela ya mashine.

Muda nao ni hivi, dakika 45 kila siku zinashinda masaa sita ya Jumapili. Kuprogramu kunasahaulika haraka mno mwanzoni, ukikaa siku sita hujagusa unaanza kukumbuka upya badala ya kuendelea.

Ukishachagua, jipe wiki moja ya majaribio

Chagua njia moja, moja tu, usichukue kozi tatu kwa pamoja mana ikiwa ngumu moja unahamia nyingine na zote unaishia somo la pili. Ifuate siku saba. Siku ya saba usifungue somo lolote, fungua faili tupu na uandike hiki: programu inayochagua namba kati ya 1 na 20 kimya kimya, inamuuliza mtu akisie, inamwambia juu au chini mpaka apate, alafu inamwambia kajaribu mara ngapi. Ruksa kutafuta vitu viwili vitatu, mfano namna ya kuchagua namba kwa bahati, hata wanaolipwa mishahara kwa kazi hii wanatafuta kutwa nzima. Usitafute programu nzima.

Ukiandika hata nusu yake, njia yako inafanya kazi, baki hapo hapo angalau miezi mitatu na uzibe masikio mtu akija na lugha mpya. Ukishindwa hata mstari wa kwanza, tatizo mara nyingi sio kichwa chako, ni njia haikukuandikisha vya kutosha, rudi wiki ya pili na njia ile ile lakini kwa ile kanuni ya 10 kwa 30. Ukishindwa tena hapo sasa badilisha, kama ulikuwa wa video nenda kwenye mazoezi ya brauza, kama ulikuwa peke yako tafuta mtu. Usianze na kubadilisha lugha.

Na vyeti usivikimbilie. Anayetaka kukupa kazi mara nyingi ataomba akione ulichotengeneza, kwa hiyo ule muda wa kuwinda cheti cha nne utumie kuweka projekti mbili zilizokamilika kwenye GitHub (websaiti ya kuhifadhi na kuonesha kodi), hata ziwe ndogo, zenye maelezo ya namna ya kuziendesha.

Ile programu yangu ya kwanza ya kujumlisha namba mbili bado ninayo, mistari minne. Inafanya kazi ila ukiiwekea neno "kumi" badala ya 10 inakufa papo hapo na kulalamika ValueError. Ukifika kwenye sehemu ya try na except, namna ya Python ya kudaka makosa, utajua ya kuifanya, ijaribu ya kwako uone.